Kinachotoka na Kinachorudi

Mwezi Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa kulia wa Mto Lualaba, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Alikuwa na gazeti kuukuu la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Akaligeuza ubavu, akaandika shajara yake kwa kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliokamuliwa katika mbegu za mmea wa hukuhuku kwetu. Maneno ya London yakawa chini, ya Nyangwe yakawa juu.

Katika shajara hiyo aliandika aliyoyaona tarehe 15 Julai mwaka huohuo. Soko lilikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, chumvi, vyungu na mafuta ya mawese. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaanza kufyatua bunduki katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikalemewa, mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Novemba, akiwa Ujiji, Livingstone alimwandikia barua mwenye gazeti la New York Herald, na taarifa nyingine akaipeleka kwa serikali yake. Mwaka 1872 maandishi hayo yalisomwa pande zote mbili za Atlantiki. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba ule ulikuwa na sababu nyingi: manowari za Waingereza, ujumbe wa Bartle Frere, shinikizo la balozi John Kirk. Hasira ya wasomaji ilikuwa mojawapo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilizaliwa Nyangwe.

Nimeanzia hapa kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu, kazi ya mwandishi wa safu ya maoni, kwa kawaida husifiwa kutoka miji mikubwa, karibu na mitambo ya kuchapa na vyumba vya wahariri. Mimi naitazama kutoka kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, ambako gazeti likifika huwa limekwisha kupitwa na tarehe yake, na watu wengi hupata habari kwa redio. Mtu akiitazama kutoka huku, kiini cha kazi hiyo humtokea waziwazi. Mwandishi wa habari hutuambia kilichotokea. Mwandishi wa safu hukaa na kilichotokea wiki nzima, akakifuata kinakokwenda. Huuliza: nini kimetoka hapa? Nini kimerudi? Nani amebaki na tofauti? Kisha huweka jina lake kwenye jibu, na wiki ijayo, siku ileile, ukurasa uleule, yupo tena, tayari kuulizwa.

Maswali hayo matatu ndiyo historia ya Maniema nzima. Kutoka hapa zimetoka pembe, wametoka watu, ukatoka mpira, ikatoka bati, na leo inatoka dhahabu. Nchi iliyotoa vingi hivyo ina haki ya kumpenda mtu anayehesabu hadharani.

Mojawapo ya nathari ndefu za mwanzo za Kiswahili zinazoieleza nchi yetu iliandikwa na mmoja wa wale waliochukua. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake uzeeni huko Unguja, kabla ya kufa mwaka 1905, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Kasongo ulikuwa mji wake. Ni kitabu cha mtu mwenye kumbukumbu kali: frasila za pembe, mikopo ya tajiri Taria Topan, safari, vita, machifu walioshindwa. Ukikisoma ukiwa Kasongo utajua jinsi pembe zilivyopatikana na zilivyouzwa. Hutaambiwa vijiji vilivyozitoa vilibaki na nini. Hesabu ya mfanyabiashara huishia kwenye faida yake, na ya mwandishi wa safu huanzia palepale.

Wala kalamu peke yake haina utakatifu. Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Nyangwe kwa gharama za magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph. Novemba aliondoka akisindikizwa na Tippu Tip, na Agosti 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Makala zake ziliueleza mto wetu kama barabara ya biashara inayosubiri mwenyewe. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa miongoni mwa wasomaji wake, naye akajifanya huyo mwenyewe. Tarehe 4 Machi 1893 askari wa Francis Dhanis waliingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili wakaingia Kasongo. Vita hivyo viliitwa vita vya kuondoa utumwa. Nyangwe ilibaki magofu, na pembe ziliendelea kutoka, ila sasa kwa kufuata mto kwenda magharibi badala ya njia ya Ujiji.

Ndiyo maana namheshimu sana mtu mmoja ambaye jina lake lingepaswa kujulikana na kila mtoto wa Maniema. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, mwanahistoria na mwandishi, aliupanda Mto Kongo mwaka 1890 mpaka Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Tarehe 18 Julai, akiwa palepale, alimwandikia Leopold barua ya wazi. Aliipanga kwa mashtaka 12: ardhi iliyochukuliwa kwa mikataba ya hila, watu waliofanyizwa kazi kwa nguvu, askari wasiolishwa wakaachiwa wajilishe kwa kupora vijiji. Wageni wengine wengi walikuwa wamepita njia ile wakaona yaleyale, na wengi walirudi kwao na sifa za mfalme. Williams aliandika kwa jina lake, akamwandikia mtuhumiwa mwenyewe, na akataka dunia isome. Alikufa Uingereza mwaka uliofuata, akiwa na miaka 41, kabla ya kuona matunda. Muundo wa kazi yake ndio muundo wa safu bora mpaka leo: madai yamehesabiwa, kila dai limesimama juu ya ushahidi wake, na anayeulizwa ametajwa.

Aliyevuna matunda hayo alikuwa karani. Edmund Dene Morel alifanya kazi Liverpool katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Kongo. Mwishoni mwa karne ya 19 alizipitia hesabu za shehena akaona jambo ambalo wakubwa wake walikuwa wameliona bila kulijali. Meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe. Zilipokwenda Kongo zilibeba bunduki, risasi na vitu vichache visivyoweza kuwa malipo ya mali yote ile. Morel hakuwa amekanyaga Kongo. Alijua tu kwamba biashara ya haki huonekana katika mizigo ya pande mbili, na hapa upande mmoja haukuwapo. Akahitimisha kwamba mpira ule haukununuliwa, ulichukuliwa kwa nguvu. Akaacha kazi, mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake la West African Mail, na kwa miaka mitano akaandika bila kuchoka. Pamoja na ripoti ya balozi Roger Casement ya mwaka 1904 na ushuhuda wa wamisionari, maandishi hayo yalimfikisha Leopold mahali pa kuiachia Kongo mwaka 1908, ingawa aliiachia kwa Ubelgiji, si kwa Wakongo.

Natua kidogo kwa Morel, kwa kuwa yeye anatufundisha jinsi maoni yanavyoingia katika uchumi. Watu hudhani mwandishi wa safu hushinda kwa ukali wa maneno. Morel alikuwa na maneno makali, lakini nguvu yake ilitoka katika kuzisoma namba zilizokuwa wazi kwa kila karani na kuziuliza swali la haki. Waziri anaweza kupuuza kilio. Hesabu ambayo msomaji ameielewa haipuuziki vivyo hivyo, maana kesho yake itarudiwa sokoni, kanisani, msikitini na bungeni, na kila mtu ataitaka ijibiwe.

Kiswahili nacho kilipata mabwana wake wa kazi hii mapema. Mwaka 1930 mjini Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini katika makala zake hakujifungia katika fiqhi. Aliwaandikia watu wa pwani, kwa Kiswahili chao, juu ya elimu waliyoikosa, biashara zilizowatoka mikononi, fedha zilizopotea katika anasa na desturi za kujionyesha. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu cha Uwongozi. Ninachokipenda kwake ni kwamba aliwakemea watu wake huku akiwa ndani yao. Hakuandika kama mgeni anayewaeleza wenyeji kwa wageni wenzake. Aliwaambia wenyewe, usoni, kwa lugha ambayo mama mwenye nyumba na mwenye duka wangeielewa, na aliamini kwamba wakielewa watabadilika. Bila imani hiyo kwa msomaji, safu hugeuka matusi au mahubiri.

Miaka ya kudai uhuru iliwapa waandishi wa maoni kazi nyingine. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU dhidi ya maofisa wa serikali ya kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Upande wetu, Patrice Lumumba alifanya kazi Kindu na Kalima, katika Maniema ya migodi ya bati, kabla ya kuhamia Stanleyville. Kabla hajawa kiongozi wa umati alikuwa mwandishi wa makala. Aliandika katika La Voix du Congolais, gazeti lililohaririwa na Antoine-Roger Bolamba, na mwaka 1956, akiwa gerezani, akaandika kitabu kizima kuhusu mustakabali wa Kongo, ndani yake mkiwa na kurasa juu ya mishahara, shule na heshima ya mfanyakazi mweusi. Maandishi yake ya wakati huo ni ya upole kuliko hotuba yake ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Ukiyafuatanisha unaona mtu anavyofikiri mbele ya wasomaji wake, mwaka hadi mwaka, mpaka fikra inakomaa. Hiyo ni zawadi ambayo safu humpa hata mwandishi mwenyewe, kwani wajibu wa kuandika tena na tena hauruhusu wazo lilale.

Baada ya uhuru, chama kimoja na gazeti la serikali viliinyamazisha kazi hii kwa muda mrefu karibu kila mahali Afrika Mashariki. Ilipofunguka, ilifunguka kwa kishindo. Mwaka 1993 Jenerali Ulimwengu na wenzake walianzisha gazeti la Rai mjini Dar es Salaam, na safu yake, Rai ya Jenerali, ikawa shule kwa kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili. Aliandika juu ya ubinafsishaji, katiba na maadili ya uongozi kwa sentensi ndefu zilizojaa historia na tamathali, bila kumdhania msomaji kuwa mjinga. Alithibitisha kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima miguu ili kitembee katika siasa na uchumi. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba hakuwa raia. Alibaki, aliendelea kuandika, na baadaye safu yake ikahamia Raia Mwema. Makala zinazomfanya mtu aulizwe uraia wake hakika zilikuwa zimegusa mahali.

Dhahabu yetu wenyewe ilikwisha kuingia mahakamani kwa sababu ya gazeti. Septemba 1997 Sunday Monitor la Kampala lilichapa habari, ikinukuu jarida la nje, kwamba serikali mpya ya Laurent-Désiré Kabila ililipa kwa dhahabu msaada wa vita ilioupata kutoka Uganda. Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Hawakuishia kujitetea. Waliipinga sheria yenyewe, na tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakifuta kifungu cha 50 cha sheria ya jinai, kilichowafanya waandishi kuwa wahalifu kwa habari ya namna hiyo. Swali lilikuwa juu ya kitu kilichotoka Kongo. Uhuru uliopatikana kwa kulishikilia swali hilo unatumiwa leo na kila mwandishi wa Uganda. Sisi tuliotoa dhahabu tungepaswa kulikumbuka jambo hilo zaidi ya wote.

Kenya inatuonyesha safu ikibishana na serikali juu ya hesabu za nchi. Mchumi David Ndii, katika safu yake kwenye Daily Nation, alihoji kwa miaka kadhaa kama reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ingeweza kulipa deni lake. Reli ilijengwa na kufunguliwa tarehe 31 Mei 2017, kwa gharama ya shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Kwa hiyo mtu anaweza kusema safu ilishindwa. Mimi sisemi hivyo. Maneno kama riba, dhamana na muda wa kulipa yaliingia katika mazungumzo ya watu wa kawaida, na yakabaki. Juni 2024 vijana wa Kenya walipousoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaingia barabarani, na Rais akaurudisha, nchi ilikuwa imekwisha kujifunza kuuliza habari za deni kwa miaka mingi ya mabishano ya magazetini. Kufikia wakati huo Ndii mwenyewe alikuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais, na waandishi wengine walimpima kwa kipimo alichokifundisha. Ni jambo jema. Kipimo kikishafundishwa huwa mali ya wote, na hakuna mwalimu anayestahili kusamehewa nacho.

Sasa nirudi Kabambare, maana sifa isiyofika nyumbani ni nusu. Katika eneo hilo, karibu na Salamabila, upo mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Pembeni mwa mgodi na mbali nao wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, ambao dhahabu yao hupita mikononi mwa wanunuzi na kuvuka mipaka. Mwaka 2018 Kongo ilirekebisha Sheria ya Migodi. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3.5, nao hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 uchifu au sekta inayochimbwa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo.

Zikiachwa hivyo, namba hizo ni za wanasheria. Mwandishi wa safu angezichukua akamwambia hivi mama anayeuza mihogo Salamabila. Tuseme kampuni imeuza dhahabu ya dola milioni 100. Mrabaha wake ni dola milioni 3 na nusu. Katika hizo, Kinshasa inachukua 1,750,000, jimbo la Maniema 875,000, mfuko wa vizazi vijavyo 350,000, na dola 525,000 zinapaswa kuingia katika akaunti ya uchifu au sekta yako. Zaidi ya hapo, sheria hiyohiyo inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, yaani dola 300,000 nyingine. Huu ni mfano tu, lakini mgawo ni wa sheria. Je, umewahi kuiona bajeti ya sekta yako ikisomwa hadharani? Nani alitia saini? Kisima kipi, shule ipi, daraja lipi lilitokana nayo? Na ile dhahabu ya wachimbaji wadogo inayovuka mpaka bila karatasi, nani anapata sehemu ambayo sheria ingekupa wewe?

Aya moja ya namna hiyo, ikisomwa redioni kila wiki, ina kazi kuliko semina kumi. Haimwambii mama yule amchukie nani. Inampa namba ya kushika mkononi anapokwenda kwenye mkutano wa chifu, na chifu naye, kama ni mwadilifu, inampa silaha ya kumwandikia gavana. Hii ndiyo maana ya ushawishi. Mwandishi wa safu hana jeshi wala hazina. Anachoweza ni kuwafanya watu wengi waulize swali moja kwa wakati mmoja, na swali hilo liwe sahihi.

Usahihi unadai gharama. Shajara ile ya Nyangwe ilifubaa mpaka ikawa haisomeki, na ilisomeka tena mwaka 2011, baada ya wataalamu kuipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Walioilinganisha na nakala ambayo Livingstone aliiandika upya baadaye waliona tofauti, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mtu aliyeliambia taifa lake ukweli mkubwa aliona vigumu kuuacha wazi ukweli uliokuwa karibu naye. Kila mwandishi wa safu atakutana na jaribu hilo. Ni rahisi kuandika juu ya wizi wa Kinshasa ukiwa Kasongo. Ni vigumu kuandika juu ya kizuizi cha barabarani kinachosimamiwa na mjomba, juu ya mfanyabiashara aliyelipia harusi ya ndugu, juu ya chama unachokipigia kura. Hapo ndipo bahasha huletwa, na safu nyingi zimekufa ndani ya bahasha huku jina la mwandishi likiendelea kuchapwa.

Namsifu, basi, yule anayejifunga masharti magumu ambayo hakuna sheria inayomlazimisha. Anamtafuta anayemtuhumu kabla ya kuandika na kumsikiliza. Anaeleza hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali, ndipo anaipinga. Anatofautisha alichokiona, alichoambiwa na anachofikiri, ili msomaji ajue anasimama wapi. Akikosea anasahihisha palepale alipokosea. Anakataa kujificha nyuma ya maneno ya "wananchi wanasema", anasema mwenyewe. Na anajua kunyamaza pale anapokuwa na hasira tupu bila ushahidi, maana katika nchi ya silaha kama yetu neno la kubahatisha juu ya kabila fulani linaweza kuua kabla ya jioni. Nchini Kongo hatulisemi hilo kwa mbali. Bukavu iliwazika waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wakiwa wameuawa kwa risasi. Anayechukua kalamu huku anajua anachokichukua.

Kuna watakaosema kwamba kazi hii si ya kwetu: magazeti hayafiki, wasomaji ni wachache, Kifaransa ndicho lugha ya ofisi. Hoja hizo zina uzito, lakini hazifungi njia. Radio Okapi imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 2002, na redio za mitaa zinasikika hadi mashambani. Safu inaweza kusomwa kwa dakika tano kabla ya taarifa ya habari ya jioni, kwa Kiswahili cha Kasongo, na kesho yake ikajadiliwa kwenye kivuko, kwenye mashine za kukoboa mpunga, njiani kwa waendesha baiskeli wanaopeleka mchele na mafuta ya mawese. Kifaransa kitaendelea kuandika sheria. Kiswahili kinaweza kuuliza sheria hiyo imefanya nini.

Kwa kijana wa Kasongo au Kabambare anayehisi ana kipaji cha kuandika, ushauri wangu ni kwamba asianze na hali ya dunia. Aanze na kitu kimoja kinachotoka sokoni kwao, gunia la mchele au gramu ya dhahabu, akifuate mpaka bei ya mwisho anayoweza kuithibitisha. Aandike kila ushuru uliolipwa njiani, ulilipwa kwa nani, na kama ulipewa stakabadhi. Aandike kilichorudi. Asome kwa sauti mbele ya watu wanaoijua biashara hiyo, wamsahihishe, ndipo aipeleke redioni akiwa ameweka jina lake, na wiki inayofuata afanye hivyo tena. Kwa zaidi ya karne moja na nusu hesabu ya Maniema imeandikwa hasa na wageni, baadhi yao kwa huruma na wengi kwa faida yao. Wenye nchi wakianza kuiandika wao wenyewe, chifu, gavana na kampuni watalazimika kujibu kwa lugha ambayo watu wa Nyangwe wanaielewa, na jibu linaloeleweka ni jibu linaloweza kupingwa.